Sarafu Juu ya Meza

Mchagua jembe si mkulima, wanasema.
Basi leo mimi si mkulima wala si seremala:
nimeizunguka Kisumu tangu saa mbili asubuhi
na uzi wenye mafundo matatu mfukoni.
Fundo la kwanza, upana wa mlango wa stoo yangu, Migosi.
La pili, kutoka ukutani hadi kwenye baiskeli ya Odera
ambayo haiendi popote na haiondoki.
La tatu ni kimo cha nyonga yangu.

Mizinga arobaini. Kina mama wa Seme wanataka mizinga ya nyuki,
kila mzinga fremu kumi, kila fremu vijiti vinne,
na nyuki hasamehe:
ukimwachia upenyo anajenga atakapo,
ukimbana anaziba kwa gundi yake.
Kwa msumeno wa mkono nilimaliza mizinga miwili,
bega likagoma.

Kibuye walinionyesha jitu la chuma kizito,
lililokula mbao, wakaapa, tangu enzi za baba zao.
Nililizunguka kama ng'ombe wa mahari.
Kisha nikatoa uzi,
na mlango wangu ukalikataa kabla sijauliza bei.
"Si ubomoe ukuta, mama?"
Ukuta wa nani?

Dukani kwa Kirit, msumeno mwekundu unang'aa kama pipi.
Otuoma, kijana wa mauzo, ananisomea ubavu wa sanduku:
kasi, wati, dhamana ya mwaka mmoja.
Namwomba auwashe.
Nasimamisha sarafu ya shilingi ishirini ukingoni mwa meza yake.
Inacheza ohangla, inaangukia chini ya kaunta.
Napima kutoka kwenye meno hadi kwenye ubao wa kuongozea:
mbele sentimita tano,
nyuma tano kasoro unywele.
"Unywele tu," anacheka, bado yuko magotini akitafuta sarafu yangu.
Unywele huo, mara elfu moja na mia sita.

Sijamwambia habari za mjomba Ombajo.
Kule Luanda, mwaka wa mvua nyingi,
mbao mbichi ilijibana nyuma ya meno,
ikarudi na shukrani ya punda,
na mkono wake ukateleza mbele, pale mbao ilipokuwa.
Kidole kimoja hakivunji chawa. Yeye alibaki na vitatu,
akanifundisha randa kwa hivyo vitatu,
na kila aliponipa patasi
aligeuza kwanza, mpini kwangu.

Kwa hiyo siulizi wati. Nainama.
Liko wapi lile bamba la nyuma, la kuzuia mbao isijibane?
"Kwa huu lilipotea," asema Otuoma. "Halina kazi sana."
Pembeni, chini ya mabomba, kuna wa kijivu,
mdogo, una vumbi, bei imefutwa na kuandikwa upya.
Bamba lipo.
Swichi ni pana kama kiganja,
goti langu linaifikia bila macho kusaidia.
Uzi unaukubali, mafundo yote matatu, ila
lile la pili kwa shida.
Sarafu ikatetemeka, ikafikiri, ikasimama.

Nilipungukiwa na elfu nne na mia tano.
Nikampigia Odera, nikamweleza habari za bamba,
habari za unywele, habari za goti.
Kimya. Nikasikia redio yake.
Kisha: "Uza baiskeli."
Sikuwa nimeuliza.

Usiku huo mvua ilipanda kutoka ziwani, stima zikapotea.
Msumeno umekaa palipokuwa na baiskeli,
kimya, kama mgeni ambaye hajaonyeshwa kitanda.
Nikawasha taa ya simu, nikaiegemeza kwenye kopo la misumari,
nikatafuta kipande cha mvule
na kwa msumeno wa mkono, bega likinung'unika,
nikachonga kijiti cha kusukumia mbao:
mdomo wake umechongoka kidogo,
urefu wake unapita vidole vyangu vyote.

Stima zikirudi, kitatangulia chenyewe.