Kiganja Katikati

Nilisema hapana mara moja tu,
wala si kwa sauti ya kuvunja vikombe.
Dele la kahawa lilikuwa moto,
na Azzan, miaka miwili na miezi miwili,
alikwishalishika mpini.

Kwanza hakulia.
Alinitazama kama karani anayesoma faili,
kisha akainua mkono wake mwenyewe
akajipiga shavuni. Pa.
La pili. Pa, pa.
Na juu ya sikio,
pale nywele zinapojisokota kwa jasho.

Siku ya kwanza nilicheka. Nakiri.
Ya pili nilipaza sauti: Acha!
naye akaongeza kasi
kama aliyeambiwa kazi yake haijatosha.
Ya tatu nilimkamata viganja vyote viwili,
nikavibana, nikavibana,
mpaka nikaona ninayetisha ni mimi.

Nje, Al-Khoud, nyuzi arubaini na sita,
barabara tupu, kiyoyozi kinakohoa.
Baba yake yuko Marmul, wiki mbili visimani, wiki mbili nyumbani.
Kwenye simu akasema: Mpe anachotaka, atanyamaza.
Mama, Bi Rayya, kutoka chumba cha pili:
Usimtazame. Moto usiopulizwa huzimika.
Umm Luay wa ghorofa ya tatu akaleta ubani,
akasema ni jicho, mtoto mwenyewe mzuri.
Nikafukiza mpaka nyuma ya makabati.
Azzan akapiga chafya,
akajipiga.

Usiku sikulala.
Nani alimfundisha mtoto huyu
kuwa kosa ni deni
na deni hulipwa shavuni?
Nikaikumbuka lifti, mwezi wa Shaabani,
alipobonyeza vitufe vyote hadi cha kengele,
nikamchapa kofi la mkononi.
Kofi dogo. Sisi wakubwa tuliliita dogo;
lenyewe halijui ukubwa wake.
Labda ni hilo.
Labda si hilo, labda ni maneno tu:
Kiswahili cha bibi, Kiarabu cha chekechea,
vinagombania mlango mmoja wa mdomo,
na hasira, isiyojua kupanga foleni,
inatokea mkononi.

Leo nilikaa chini, kwenye vigae vya baridi.
Dele nilikwishaliweka juu ya friji.
Mkono ulipoinuka sikuukamata.
Nilitia kiganja changu
kati ya mkono wake na shavu lake.
Pa. Likanipata mimi.
Linauma, nisiseme uongo;
wali wangu haukupotea bure.
Umekasirika, nikamwambia. Ulilitaka dele.
Pa.
Dele lina moto. Sikupi.
Pa.
Na shavu hili nalipenda. Halipigwi.
Hata na wewe.

Saba, nilihesabu. La nane lilikuwa la kugusa tu,
kama anayepapasa ukuta gizani akitafuta taa.
Kisha akalia, kilio cha kawaida, chenye makamasi,
nami nikakipokea kama watu wa huku tunavyopokea mvua:
kwa kutoka nje na nguo zetu.

Sisemi yamekwisha.
Alasiri alijipiga tena, kwa ajili ya kiatu,
na mimi sikuwa na subira ya asubuhi,
niliweka kiganja huku nimesaga meno.
Kiganja hakisomi uso. Kilitosha.

Baada ya Magharibi maziwa yakafurika jikoni,
yakashuka kwenye jiko nililolisugua jana.
Nikajipiga paji la uso, kwa nguvu: Mjinga mimi!
Na tena: Mjinga!
Nyayo zikaja mbio, zisizo na viatu.
Nikainama kumwambia asisogee, pana moto,
naye akaurusha mkono wake, unaonata asali ya tende,
kuuweka baina yangu na mimi.
Alichelewa. Alikosea shabaha.
Alinipata jichoni.

Hapana, akasema,
mara moja tu.

Nilibaki nimeinama, jicho moja linachuruzika machozi na tende,
maziwa yakiendelea kumwagika,
nikijiuliza mkono wangu umekuwa ukifanya hivyo
tangu lini, na mbele ya nani.