Jina la Msemaji

Utepe ulinata kama halua ya juzi.
Niliupasha moto mdogo, saa nane nzima,
ndipo ukakubali kuzunguka.

Boksi limeandikwa: Wete. Bei za karafuu.
Na kweli, bwana anasoma bei,
daraja la kwanza, la pili, makonyo,
anakohoa, anakatika.

Chini yake, pale mashine ya kufutia ilipopita kombo,
yumo mwanamke:
"Usiichemshe sana miyaa, weye, itakuvunjikia."
Jogoo. Mchi kinuni. Basi.
Sekunde arubaini na moja.

Nikawaita watu wa Jadida waje wasikilize.
Bi Mkasi akavaa spika za masikioni juu ya mtandio,
akasema: mama.
Faki Shaame akasema: mama yangu huyo,
"weye" hiyo ndiyo aliyokuwa akiniamshia alfajiri.
Wa tatu, Bi Riziki, hakusema kitu.
Aliinua kidole nirudie,
nirudie,
mpaka ikaadhiniwa alasiri.

Kompyuta inataka jina moja,
faili haliingii ghalani bila jina.
Ningeandika Hajulikani,
lakini anajulikana,
anajulikana mara tatu.

Nimeandika: Mama.
Nikatoa nakala tatu, kila mmoja na yake,
wakaondoka bila ya kuagana.

Mkuu wangu ananambia nisafishe kelele,
abaki msemaji peke yake.
Mvumo nimeupunguza.
Jogoo sikumgusa.
Bi Riziki alirudi mlangoni, kiatu kimoja mkononi,
akanambia jogoo yule ni wao,
alichinjwa Idi ile ile.