Mlango wa Nne

Mashine bado inakohoa kabla ya kuwaka.
Nimeikuta kabatini, chini ya magodoro ya wageni,
imefungwa kwa gazeti la mwaka ule kiwanda cha chuma kilipopunguza watu,
nyaya zake zimekunjwa vizuri, kwa mikono isiyo yangu.

Muroran, mwezi wa pili. Theluji imefika usawa wa dirisha.
Kesho kutwa dalali anachukua funguo za nyumba.
Nilipaswa kufunga vyombo. Badala yake nimeketi sakafuni
na jiko la mafuta ya taa, na chenza tatu,
mwanamke wa miaka thelathini na sita
anayesubiri hospitali ya mlimani imfungulie.

Kwanza nacheka.
Mazimwi yaliyoninyima usingizi darasa la tatu
ni makaratasi yaliyogundishwa vibaya;
yule nesi asiye na uso hana uso
kwa kuwa hapakubaki nafasi ya kumchora.
Mlinzi wangu anageuka kama kabati linalosogezwa na watu wawili.
Na ile milango iliyofunguka polepole gizani, bawaba zikilia,
mimi nimejifunika mto usoni,
kumbe mashine ilikuwa inatafuta chumba kinachofuata.
Niliogopa kusubiri, basi.

Halafu sicheki.
Korido ya ghorofa ya pili. Kamera iko juu, pembeni,
pale ambapo buibui angekaa;
naona kisogo changu, sioni kilicho mbele yangu.
Nasikia tu: kitu kinaburuta kitu.
Risasi mbili. Chupa moja ya iodini.
Kidole gumba kinatoa jasho lile lile.

Kiyotaka ndiye aliyeshika pedi siku zote.
Mimi nilishika ramani,
niliyoichora kwa penseli nyuma ya daftari la hesabu,
na kazi yangu ilikuwa kusema: kushoto, kushoto tena, saa iko hapo.
Chumba cha saa! Saa ya mbao ukutani;
ukiitia ufunguo, safari yako inahifadhiwa,
na humo hakiingii kitu. Kinanda kinapiga noti nne tu.
Humo ndimo tulimomenyea chenza.
Usiku mwingine hatukwenda popote,
mlinzi kasimama anapumua, mabega juu, mabega chini,
na kaka yangu anaongeza sauti, anaongeza,
mpaka noti nne zikaijaza nyumba
na baba na mama, upande wa pili wa ukuta,
wakawa kama redio ya jirani.

Mlango wa nne, aliniambia, haufunguki.
Ni picha tu, wameuchora.
Nikautia msalaba kwenye ramani.

Leo nimebonyeza.

Umefunguka.
Hakuna zimwi. Kuna kitanda cha mtoto, beseni,
dirisha linalotazama maegesho matupu yenye theluji ya kijivu,
na barua juu ya shuka, mistari sita,
ya baba aliyeondoka alfajiri asimwamshe mtu.
Nimeisoma mara mbili. Chenza imekauka mkononi.
Kiyotaka alikuwa na miaka kumi na mitatu.
Aliisoma, bila shaka, siku nilipolala na mafua,
na wetu alikuwa bado hajaondoka.

Nimempigia. Osaka, saa sita usiku;
nyuma yake maji yanajaa bafuni, mtoto anakataa kuoga.
Barua sikuitaja. Nilisema niko ghorofa ya pili.
Akanyamaza, kama mlango unaotafuta chumba chake.
"Una risasi ngapi?"
Mbili.
"Usipige. Zunguka nyuma ya kitanda cha magurudumu,
yeye hajui kukata kona."
Kisha, maji yalipofungwa:
"Ramani unayo?"

Sina. Nakumbuka tu:
kushoto, kushoto tena.