Mteja wa Kibaba

Baba alikata vioo Sabasaba miaka thelathini na moja
na sikuwahi kumwona akitazama kioo.
Alitazama ng'ambo yake: mitumba, punda wa maji,
upepo wa Dodoma ukibeba mfuko mweusi hadi relini.

Nikiwa darasa la sita nilimuuliza:
mchanga wa korongoni hauonyeshi kitu,
ukiyeyushwa unakuwa dirisha. Nani kaulainisha moyo?
Alinijibu kwa almasi ya kukatia, krrri.
"Shika upande huo, Nyemo."

Jibu nililikuta chuoni, kule mlimani.
Ndani ya kila kitu zimo elektroni, wafanyabiashara,
na mwanga ni mteja.
Za bati huuza hata punje moja,
kwa hiyo mwanga hauvuki,
unakamatwa mlangoni na kurudishwa ulikotoka.
Za kioo ni matajiri wa soko la Kibaigwa,
chini ya gunia hawafungui kinywa.
Na mwanga huu wa macho yetu una pesa ya kibaba.
Unauliza bei, hakuna anayegeuka,
unatokea mlango wa nyuma na senti zake zote.
Urujuanimno ndio wenye pesa ya gunia.
Huo, sehemu kubwa, huishia humo humo dukani.

Na mchanga? Kila punje ni kioo kidogo,
ila kila punje ina kuta zake,
na kila ukutani mwanga hupinda, hugeuka, hupotea.
Karatasi ya maandazi ya mama Mbeleje
ilikuwa imeshanifundisha hili, sikusikia:
mafuta yakijaza nafasi za ndani,
daftari la mtoto wa watu linasomeka upande wa pili.
Saba mara nane, hamsini na nne. Kakosa.

Mwaka jana Baba alianza kufuta vioo visivyo na vumbi.
Anafuta, anapulizia pumzi, anafuta tena.
Akalaumu kiwanda.
Nikamshika kidevu, nikamgeuzia mlangoni penye jua.
Ukungu ulikuwa kwenye mboni.
Mtoto wa jicho, wakauita hospitali.
Mimi mtoto wa kumzaa sikuwa nimeona.

Lenzi ya jicho ni protini zilizojipanga kwa adabu.
Zikigandamana, kama ute wa yai kikaangoni,
mwanga unakosa pa kupita.
Hakuna kilichoongezwa humo.
Vile vile vilivyokuwemo, vimeacha kupangana.
Nilitaka kumweleza haya yote ndani ya gari,
njia nzima ya kwenda Mvumi,
nikaishia kumshikia fimbo.

Walipomfungua bandeji
hakutazama nje, hakunitazama mimi.
Alitazama dirisha. Dirisha lenyewe. Muda mrefu.
"Hiki kimekatwa vibaya," akasema.
"Pembe ya chini, kushoto."

Nikainama kuangalia.
Milimita mbili.