Sugu ya Mpini

Mwalwego alikuja na gugu lake ndani ya mfuko wa salfeti,
mizizi na tope lake, kutoka Igurusi hadi Uyole,
akalibwaga mezani kwangu kama anayemshitaki mwizi.
"Nimelipiga mara tatu," alisema.
"Mara ya kwanza lilikauka. Ya pili likaugua.
Mara hii, Dokta, limenawa uso."

Nikamwambia: huo unaitwa usugu.
Akacheka, akanifunulia viganja.
"Sugu naijua. Hizi za mpini zilishaanza kulainika,
miaka sita ya bomba mgongoni.
Dawa ilinizoesha kutoinama,
gugu nalo likaizoea dawa.
Sasa tumebaki wawili, kila mmoja na sugu yake,
na katikati yetu mpunga wa ada ya shule."

Sikuwa na jibu.
Nilikuwa na jokofu linalonguruma,
umeme wa kubahatisha,
na kibuyu.

Kibuyu cha Bibi Atanasia wa Ismani:
mtama mwekundu uliokaa darini, juu ya moshi,
mtama aliouita mchoyo.
"Huu hautaki jirani. Upande, kisha ukae uutazame."
Utotoni nilidhani anautetea uvivu wake,
ingawa kati ya mistari ile, kweli,
ardhi ilikuwa kipara.

Nikaotesha punje juu ya karatasi yenye unyevu, gizani.
Siku ya saba niliinamia darubini:
kwenye kila unywele wa mzizi
tone la manjano, dogo kuliko chozi la sisimizi,
limening'inia, halidondoki.
Chai yangu ilipoa, nikaisahau.
Lina jina la kitabuni, refu, lingejaza mstari huu,
na Bibi angeuliza: urefu wote huo,
umeongeza nini juu ya mchoyo?

Tukakamua, tukachuja, mimi na Ipyana wa maabara.
Vikombe arobaini, mbegu za gugu la Mwalwego,
na nje baridi ya Juni, ukungu umeshuka hadi kwenye vioo.
Siku ya kumi na nne tulihesabu.
Thelathini na tatu vilikuwa vitupu,
au vina uzi mweupe uliolala chali.
Ipyana akapiga meza, akatafuta simu ampigie mkurugenzi.
Nikamwambia ahesabu tena.
Saba vilikuwa na kijani.

Saba.
Kijani kilichojikunyata, lakini kijani.

Ripoti inataka asilimia, na asilimia yetu inapendeza.
Mimi nawaza masuke ya Ismani:
Bibi alingoja jua lichome, ndege wale, panya wapite,
kisha akalichuma lililosalia
akalitundika juu ya moshi. Hiyo ndiyo mbegu.
Hakuwa na njia nyingine.
Na mimi, kwa tone hili la dhahabu,
nimelichagulia gugu mbegu zake.

Jumamosi Mwalwego alipiga simu.
"Itafika lini dukani?"
Nyuma ya sauti yake mguu ulichomoka topeni, pwa.
Nikamwambia: sijui. Labda miaka. Labda isifike.
Na ikifika, usiimwage kila msimu, itaisha meno kama ile.
Akanyamaza kidogo.
"Kwa hiyo bado nainama."
"Bado unainama."
"Haya. Basi niache, simu nimeibana kwa bega."

Jioni nilivihamisha vile saba kwenye vyungu vikubwa,
nikaviandika namba, nikavimwagilia.
Ipyana alisimama mlangoni na funguo,
akinitazama kama atazamavyo mtu
mwenzake akimnywesha nyoka maziwa.
"Unavilea?"
Nasubiri vichanue, nikamwambia.
Nataka kujua vimejifunza nini.

Akaweka funguo mezani, akakunja mikono ya koti,
akauliza kama kuna udongo umebaki.