Ukurasa wa Tisini na Nne

Fundi aliondoka saa kumi jioni, akaacha
mashine mpya ya joto ikinguruma chini ya ngazi
na kitabu cha maelekezo, lugha kumi na moja,
Kicheki ni cha saba.
Mimi husoma vitabu hivyo mpaka jalada la nyuma.
Miaka thelathini nilisahihisha gazeti hapa Ostrava;
jicho likizoea kuwinda makosa, halistaafu.

Ukurasa wa tisini na nne,
herufi ndogo kama ufuta uliomwagika,
nikakuta jina la mume wangu.

Bohumír Kašpárek, 2009.
Mwaka wa jiko bovu. Tulikula na makoti mwilini,
naye usiku kucha akiandika programu fupi
ya kuonja baridi na kuamuru moto:
washa, ngoja, zima.
Ilipokubali, akaiweka wazi kwa walimwengu,
haina kufuli, haina bei,
ina sharti moja kizingitini:

chukua, tumia, geuza upendavyo;
ila ukimpa mtu ulichogeuza
mpe na jinsi ulivyogeuza,
naye asifungiwe mlango uliofunguliwa wewe.

Alikuja na povu la kunyolea shavu moja.
Akasoma. "Angalia, Vlasta, hawakukosea hata
kijialama kilicho juu ya s."
Alifurahi, mjinga wangu, kutwa nzima.

Kisha akawaandikia kampuni, huko Linz.
Barua ya kwanza ilikuwa na "samahani" tatu.
Wakajibu kwamba maoni ya wateja ni hazina.
Ya nne ikajibiwa na wakili: suala linachunguzwa.
Mwezi wa tisa wakatuma faili,
msimbo uliokatwa kichwa na miguu,
kama mtu aliyeulizwa namna ya kuoka mkate
akaleta orodha ya vyombo.

Nikamwambia, dai pesa. Paa linavuja.
Wenzako wana ghorofa tisa za vioo,
na dawa ya deni ni kulipa.
Akasema, "Deni lenyewe si pesa.
Mtoto wangu wamemfundisha kulala umeme ukipanda bei
na kuamka kabla ya watu.
Mimi sijui kumfundisha hivyo.
Nataka kuona daftari lake, basi."

Januari, nyuzi kumi na tisa chini ya sifuri,
ikaja barua kutoka anwani ya nyumbani kwa mtu.
Roswitha, mhandisi wa huko huko.
*Sijaruhusiwa. Naona haya tu.
Nimeambatanisha yote, mistari elfu moja na mia mbili.
Usinitaje.*

Bohumír alikaa, kidole juu ya kitufe,
mpaka chai ikafanya utando.
Nilidhani atafungua. Mimi ningefungua.
Akamjibu: "Asante sana. Lakini nikiipokea hivi
wewe utaitwa mwizi, wao watabaki waungwana.
Waambie walete kwa mlango wa mbele."

Tuligombana. Nilisema heshima haizibi paa.
Nilisema mengine pia, ya mama yake,
ambayo hayahusu programu.
Faili hakuifuta, lakini. Ipo pale kwenye kioo,
haijaguswa, na kila asubuhi
anaipita kama mtu anayepita duka la pombe.

Chini ya ngazi mashine inalala, inaamka,
inajua mambo asiyoyajua baba yake,
na miguu yangu, nakiri, ina joto.

Jana nilifungua tena ukurasa ule.
Nikachonga penseli, nikaweka kando ya jina lake
alama yetu ya zamani ya gazetini,
kipembe kidogo kinachotazama juu:
hapa pana neno limerukwa.