Gari Lisilopiga Hodi

Gavan wa dukani alisema miezi minne.
Nikaandika kwenye kalenda ya jikoni, kwa penseli,
maana ahadi ya muuzaji haiandikwi kwa wino.

Minne ikazaa minne mingine, na mingine.
Mara chipu zimeadimika, mara meli haijang'oa nanga Yokohama,
mara limefika, lakini jekundu, la mtu wa Hobart,
nami niliomba la kijivu, rangi ya Julai yetu.
Subira huvuta heri, nikajiambia.
Yangu ilikuwa ikivuta gari bovu
likikohoa toka Launceston hadi Deloraine,
ekzosi imefungwa kwa waya wa piano,
ule mnene. Unavumilia sana.

Mimi ni fundi wa piano. Sikio ndilo jembe langu.
Siku nilipokabidhiwa funguo, mwezi wa kumi na nne,
nilibonyeza kitufe, nikasubiri ngurumo.
Kimya.
Nikabonyeza tena.
"Sasa umelizima, Merryn," Gavan akasema,
akageuka upande ili acheke vizuri.

Jirani yangu Thelma Woolnough aliuliza nalichomeka wapi.
Halichomekwi, nikamwambia; lina petroli, lina na betri,
na ukishuka mlima ukikanyaga breki
magurudumu yanailipa betri kidogo kidogo,
kama mdeni mwaminifu.
Akalitazama jinsi mtu anavyomtazama mbuzi aliyetoa salamu.

Ninalipenda. Sioni haya kusema.
Tangi la wiki moja sasa linakula wiki tatu.
Kwenye mwinuko wa Elizabeth Town
injini inaingia chini ya miguu yangu,
noti ya sol, imepwaya kidogo tu,
na mkono wangu, wenyewe, unatafuta ufunguo wa kukazia.

Lakini lile kuukuu lilikuwa na adabu moja:
lilipiga hodi tangu darajani.
Leith akilisikia aliweka birika,
nami nikiingia mlangoni maji yanachemka.
Miaka thelathini na mmoja, birika na mlango.
Siku hizi naingia, anashtuka, kikombe ni kikavu.

Alhamisi moja mteja aliahirisha.
Nikarudi saa tisa, mvua ya manyunyu,
gari likateleza hadi ukutani kama paka.
Mbwa aliinua sikio moja, akalishusha.
Na ndani, piano.

Leith hagusi piano.
Mikono yangu ni ya kunyoa kondoo, husema,
na mwenye mke mwenye sikio kama lako
hata mluzi anapigia malishoni.

Nilisimama chini ya dirisha.
Ilikuwa walsi, ya kitoto, mkono wa kushoto ukichelewa,
na kila alipofika pale pale alianguka,
akarudi nyuma, akaja tena, akaanguka.
La ya katikati imeshuka vibaya,
sijaikaza tangu mwaka juzi. Mganga hajigangi.
Sijui ni miaka mingapi amekuwa akiianguka walsi hii
na kuufunga mfuniko
kila lile gari lilipokohoa darajani.

Nikarudi garini. Nikafunga mlango kwa vidole viwili.
Miezi kumi na minne nilinung'unika kwa kila mtu,
kwa Gavan, kwa Thelma, kwa kalenda.
Pale nilikaa na koti lililolowa, miguu baridi,
wala sikutazama saa.

Mara ya tisa, au ya kumi, alipavuka.
Alipavuka! Kisha akakosea palipo rahisi.

Nilirudi kinyumenyume hadi langoni, hadi darajani,
nikapiga honi, ndefu, kama mtu mwenye ghadhabu na ng'ombe.

Nilipoingia birika lilikuwa linaanza kuimba.
"Umewahi," akasema.
"Nimewahi."
Mfuniko wa piano ulikuwa umefungwa, juu yake gazeti.
"Hilo gari lako," akasema, akinimiminia,
"sitalizoea. Halisemi kitu."
Nikapokea kikombe kwa mikono yote miwili.
"Ndiyo," nikasema. "Halisemi."